Alama za Bluu na Alama Nyekundu: Mwaka Wangu wa Filamu, Milo na Matembezi

Tarehe 1 Januari 2025 nilifungua daftari jipya, nikapiga mistari kwa rula na penseli, na kila ukurasa ukawa na safu tatu: filamu, milo na matembezi. Kanuni niliyojiwekea ilikuwa kwamba kila kitakachoingia humo kipewe alama kati ya moja na kumi usiku uleule, kabla sijalala, na kwamba alama ikishaandikwa haifutwi. Naijua tabia yangu. Nikipewa nafasi ya kutafakari, hugeuka kila ninapoulizwa, na kabla mwezi haujaisha huwa nimeanza kuipenda filamu niliyoilaani, eti kwa kuwa mtu ninayemheshimu ameisifu mbele yangu.

Mwaka ulipofika ukingoni, daftari lilikuwa na filamu 61, milo 44 na matembezi 19. Milo ni michache kwa sababu sikuandika kila nilichotia kinywani. Niliandika ule tu wenye cha kusimuliwa, uwe umepikwa kwa namna ambayo sikuwahi kuijaribu, umeliwa na watu tusioonana mara kwa mara, au umeharibika kiasi cha kuchekesha. Matembezi ni yale ya hiari, yaani kutoka nyumbani kwenda mahali ambapo hakuna anayekungoja wala anayekudai.

Jumapili ya tarehe 28 Desemba nilifanya jambo ambalo Januari halikuwamo akilini mwangu. Nilimwomba mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 11, afunike alama zote kwa ukanda wa karatasi na anisomee jina la kila tukio peke yake, nami nitoe alama upya kwa kutegemea kumbukumbu tu, huku yeye akiziandika kando kwa kalamu nyekundu. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilituchukua saa mbili na ushei, kwa sababu mtoto yule hupenda kuuliza, na kwa sababu mara nyingi nilimwomba arudie jina alilolitaja.

"Mjomba," aliniambia tulipofika mwezi wa Machi, akiwa amekwisha kuchungulia chini ya ukanda, "hii umesema huikumbuki kabisa, lakini hapa umeipa tisa."

Nilimpokonya daftari nikasoma maelezo yaliyofuata ile tisa: "Nzuri sana. Picha safi. Mwisho umenishtua." Maneno hayo yangeweza kuandikwa juu ya filamu mia, na hayakunirudishia hata sura ya mtu mmoja. Mpaka leo sijui kama mhusika wake mkuu alikuwa mwanamume au mwanamke. Tuliandika sifuri, ingawa kanuni yangu haikuwa na sifuri. Mpwa wangu ndiye aliyeshikilia kwamba kitu kisichokumbukwa hakistahili hata moja, nami sikupata hoja ya kumpinga.

Filamu za namna hiyo zilikuwa 14, karibu robo ya zote. Nilipozifuatilia kwa tarehe nikaona kwamba 11 kati yake nilizitazama kwenye simu, nikiosha vyombo, nikikunja nguo au nikiusubiri usingizi. Siwezi hata kusema nimezisahau, maana ili kitu kisahaulike ni lazima kwanza kiwe kimeingia. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba usahaulifu hukimbia mwanzoni kisha hupunguza mwendo: sehemu kubwa ya kile tunachopoteza hupotea katika saa na siku za kwanza, na kinachovuka hapo huchakaa polepole. Filamu zangu za kando ya sinki hazikuufikia hata mstari wa kuanzia mbio hizo.

Zile sifuri, hata hivyo, hazikunisumbua sana. Kilichonishughulisha ni umbali kati ya alama ya bluu, niliyoitoa usiku wa tukio, na alama nyekundu ya Desemba, katika mambo ninayoyakumbuka vizuri. Mlo wa mkahawa mmoja wa kifahari, niliokuwa nimeupa tisa, ulishuka hadi nne, kwa kuwa ninachokikumbuka ni kiti chake tu, ambacho mgongo wake ulinilazimisha kukaa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Siku ya mvua tuliyogeuka njiani bila kuyaona maporomoko tuliyoyafuata, na kiatu cha dada yangu kikaachia soli ikabidi kifungwe kwa kamba ya mkoba, ilikuwa na tatu ya bluu. Nyekundu yake ni nane. Aliyetoa alama usiku na aliyetoa alama Desemba ni mtu yuleyule, mwenye macho yaleyale na tumbo lilelile, lakini ni kama mahakimu wawili ambao hawajawahi kusalimiana.

Kuna jaribio moja linalonisaidia kumwelewa hakimu wa usiku. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti ambamo watu walitumbukiza mkono katika maji ya nyuzi 14 za selsiasi kwa sekunde 60, kisha kwa zamu nyingine wakatumbukiza mkono kwa sekunde 60 zilezile na kuongezewa 30, ambamo maji yalipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Nyuzi 15 bado ni baridi inayouma. Walipoulizwa ni zamu ipi wangekubali kuirudia, wengi walichagua ile ndefu, ambayo kwa hesabu ya kawaida ina maumivu mengi zaidi, kwa sababu iliishia penye nafuu kidogo. Nikizisoma alama zangu za bluu namwona mtu ambaye ametoa mkono majini sasa hivi. Filamu iliyoniliza dakika ya mwisho ilipata tisa, na matembezi yaliyoishia kwenye foleni ndefu ya magari yalipata nne hata kama asubuhi yake ilikuwa ya ajabu. Hakimu wa usiku hutoa hukumu akiwa bado amesimama mlangoni. Kufikia Desemba mlango huo ulikuwa umesahaulika, na mara nyingi ndani ya chumba kilichobaki kulikuwa na kitu ambacho bluu haikukitaja kabisa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Aprili. Shemeji alikuja na kompyuta yake ya mkononi, nasi tukakubaliana kutazama "12 Angry Men", filamu ya mwaka 1957 iliyoongozwa na Sidney Lumet. Wanaume 12 wamefungiwa chumbani siku ya joto kali, waamue kama kijana anayeshtakiwa kwa mauaji ana hatia. Hawaruhusiwi kutoka mpaka wakubaliane wote. Filamu nzima ni ya dakika 96, na isipokuwa dakika chache sana, yote inatendeka humo chumbani na choo kilichopakana nacho. Tulikuwa tumefika kama dakika ya ishirini umeme ulipokatika. Feni yetu ikasimama. Kwenye kioo wale wanaume nao walikuwa wakilalamika kwamba feni ya chumba chao haifanyi kazi, na mpwa wangu akacheka mpaka akakohoa. Kompyuta ilikuwa na chaji ya asilimia 41, na tangu wakati huo mtoto alijipa kazi ya kututangazia asilimia kama mtangazaji wa mpira anayehesabu dakika za nyongeza.

Mama alikuwa amekaa nyuma yetu akijipepea kwa kifuniko cha sufuria. Hakuwa amesema neno tangu mwanzo. Ilipokuwa imebaki kama theluthi ya filamu, akasema, "Hicho chumba kinapungua." Shemeji akamwambia kwa heshima, "Mama, chumba ni kilekile, ila wamechoka tu." Mama akatikisa kichwa: "Dari limeshuka, mwanangu. Mwanzoni sikuliona, sasa naliona."

Siku kadhaa baadaye nilisoma maelezo ya Lumet mwenyewe kuhusu alivyoipiga filamu ile, nikampigia simu Mama palepale. Theluthi ya kwanza alipiga kamera ikiwa juu ya usawa wa macho ya wahusika, theluthi ya pili ikiwa kwenye usawa wa macho, na theluthi ya mwisho ikiwa chini yao, ndiyo maana dari huanza kuonekana. Na kadiri hadithi inavyokwenda alibadilisha lenzi, akatumia zenye masafa marefu zaidi, ili kuta zionekane zimewasogelea wanaume wale. Yote hayo yalikusudiwa yafanye kazi bila mtazamaji kujua. Mama yangu, ambaye huingia ukumbi wa sinema mara moja katika miaka mitatu, aliyaona yote akiwa na kifuniko cha sufuria mkononi.

Chaji iliisha kura zikiwa 11 kwa moja. Kioo kilizimika ghafla, tukabaki gizani na mtu mmoja anayekataa. Kwa zaidi ya saa nzima tulijadili atafanya nini yule mmoja: shemeji alisema atashikilia msimamo kwa ukaidi, dada yangu alisema ataona aibu, mpwa wangu akapendekeza kwamba feni itamwangukia. Mama akasema, "Huyo simchukii. Ana uchungu wa mtoto wake, kesi hii anaisingizia tu." Sitasema hapa kama alikuwa sahihi, kwa ajili ya yeyote ambaye bado hajaiona. Sisi wenyewe tuliuona mwisho siku mbili baadaye, ukachukua dakika zisizozidi kumi, na ni mwisho mzuri, lakini alama ya usiku wa kwanza ilikuwa imekwisha kuandikwa: tano, na kando yake maneno "haikukamilika, joto". Desemba niliipa kumi bila kusita. Bluma Zeigarnik aliandika mwaka 1927 kwamba kazi inayokatizwa hukumbukwa kuliko iliyokamilishwa, na ingawa watafiti waliomfuata hawakukubaliana naye wote, usiku ule wa Aprili ningekuwa shahidi wake.

Filamu nyingine nisizotaka kuzipita ni chache. Nyingi kati ya zilizotoka mwaka huohuo zilinipita kama mabasi: kelele, vumbi, kisha kimya. Sitaki kujifanya mzee anayesifu kila kilichokwisha kupita, kwa kuwa zipo mbili mpya zilizopata nane kwa rangi zote mbili. Ila nakiri kwamba nyekundu za juu ziliangukia mno filamu za zamani, labda kwa sababu hizo nilizitafuta kwa makusudi, nikazima simu, nikakaa.

Mojawapo ni "Ladri di biciclette" ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Kisa chake hakijai kiganja: mwanamume wa Roma aliyekosa kazi kwa muda mrefu anapata kazi inayohitaji baiskeli, baiskeli inaibwa siku ya kwanza, naye anaitafuta mjini akiwa na mwanawe mdogo. Aliyeigiza baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji bali mfanyakazi wa kiwandani. Kuna mahali katikati ambapo baba, aliyekwisha kumpiga mtoto kofi kwa hasira na sasa anajuta, anamwingiza katika mkahawa ulio juu ya uwezo wao. Wanaletewa mkate uliokaangwa na jibini ndani yake. Mtoto anang'ata, anavuta, na jibini linatoka kama uzi mrefu kati ya mkate na meno yake, naye anageuka kumtazama mtoto mwingine wa meza ya jirani, mtoto wa matajiri, anayekula kwa kisu na uma kama aliyezaliwa navyo. Baba anaanza kuhesabu kwa sauti mshahara ambao angeupata laiti baiskeli ingekuwepo, na mtoto anaacha kula ili aandike tarakimu.

Nilipokuwa nikimsimulia mpwa wangu kipande hicho, niligundua jambo la kunitahayarisha. Katika safu ya milo ya tarehe ileile nilikuwa nimeandika mlo wangu mwenyewe na kuupa saba, na sikuweza kukumbuka hata ladha yake moja. Mlo ninaoukumbuka kuliko yote ya mwaka 2025 ulikuwa mdomoni mwa mtoto wa mwaka 1948.

Karibu yake, lakini si juu yake, ni supu ya vitunguu ya mwezi wa Juni. Nilikuwa nimewaalika marafiki wanne, nami nikayaamini maelekezo ya jarida moja la mapishi yaliyosema kwamba vitunguu vikikaangwa kwa moto mdogo "huwa vyekundu vizuri baada ya dakika 10". Natamani kumpata mwandishi wake nimkalishe mbele ya sufuria. Kitunguu ni maji kwa sehemu kubwa sana, na maadamu maji hayo yapo, chungu hakiwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100, ilhali wekundu na harufu tunayoitafuta hutokana hasa na sukari na chembe za protini kushikana katika joto kubwa zaidi, mchakato ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Kwa hiyo kwanza maji yatoke, ndipo rangi ije, na maji hayatoki kwa kuombwa. Ilinichukua dakika 50.

Dakika ya 20 wageni walikuwa sebuleni wakizungumza kwa adabu. Dakika ya 30 mmoja alikuja jikoni kuuliza kama nahitaji msaada, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kweli kuna chakula. Dakika ya 40 wote wanne walikuwa jikoni, mmoja amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mwingine amepokea mwiko kutoka mkononi mwangu. Hapo ndipo sauti ilipobadilika. Mpaka wakati huo sufuria ilikuwa ikitoa mlio laini wa mvuke, kama mtu anayenyamazisha watoto. Kisha mlio ukakauka, ukawa wa kutatarika, na pembezoni, pale vitunguu vilipogusa chuma, ikatokea rangi ya ngozi ya viatu vya zamani, ikaanza kusambaa kuelekea katikati kila mwiko ulipopita. Aliyeshika mwiko akasema tu, "Ehe!" Wote tukainama juu ya sufuria kama wanaotazama ndani ya kisima. Alama ya bluu ni sita, nayo ina sababu: "nimewachelewesha wageni." Supu yenyewe tuliinywa tukiwa na njaa kiasi kwamba hakuna aliyeisifu. Nyekundu ni tisa, na yote ni ya ule mlio.

Mkate wa Agosti nitautaja kwa kupita. Nilichanganya hamira na maji ya moto kupita kiasi, nikaiua, na kilichotoka katika oveni kilikuwa tofali lenye ganda. Mbili ya bluu, saba ya nyekundu. Mpwa wangu alitaka ipande zaidi kwa sababu tofali lile lilikaa wiki nzima likizuia mlango usijifunge.

Kwenye matembezi hesabu ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa na picha. Nilidhani picha zingenisaidia, na zilifanya kinyume. Mwezi wa Mei nilikwenda kwenye jumba la makumbusho nikapiga picha 112, na Desemba niliweza kutaja vitu viwili tu, kimoja kikiwa kitana cha mfupa chenye meno mawili yaliyovunjika, ambacho sikukipiga picha kwa kuwa simu ilikuwa imejaa. Nilisimama mbele yake kwa uchungu, nikihesabu meno. Linda Henkel, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 2014 utafiti unaofanana na aibu yangu: aliwatembeza watu katika jumba la makumbusho ya sanaa, akawaelekeza vitu vingine wavipige picha na vingine waviangalie tu, na walipopimwa siku iliyofuata walikuwa wakivikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha. Walipoelekezwa kuvuta lenzi na kupiga sehemu moja tu ya kitu, upungufu huo haukuonekana. Nadhani ndicho nilichokifanya mbele ya kitana, bila lenzi.

Nikiwa na somo hilo lisilokamilika, tarehe 7 Septemba nilibeba viti vitatu hadi uwanja ulio nyuma ya nyumba ya Mama. Usiku huo mwezi ulipatwa, na kupatwa kamili kulidumu dakika 82, muda ambao si mfupi kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Huenda yatashangaza kuitwa matembezi, kwa kuwa tulitembea hatua zisizofika mia, lakini katika daftari langu matembezi hayapimwi kwa kilomita. Nilipiga picha moja mwanzoni, ikatoka doa la rangi ya chungwa lisilo na umbo, nikaiweka simu mfukoni.

Nilichokuwa sikukitarajia ni nyota. Katika usiku wa mwezi mpevu mbingu huwa imeoshwa na mwanga, nyota chache tu huonekana, nawe huzoea kwamba ndivyo ilivyo. Kivuli kilivyozidi kuumeza mwezi, nyota zilianza kutokea moja moja, kisha kwa makundi, kana kwamba kuna mtu anayepunguza mwanga wa taa ya sebuleni ili waliolala vyumbani waamke. Mwezi wenyewe haukutoweka. Ulibaki umening'inia, mwekundu wa shaba iliyochakaa. Nilimweleza Mama kwamba dunia imeingia katikati, ikalizuia jua, lakini mwanga kidogo hupita katika hewa inayoizunguka dunia, ukapinda kuelekea kwenye kivuli. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, na nyekundu ndiyo inayofika. Mama alikaa kimya kidogo.

"Kwa hiyo ule wekundu ni wa machweo?"

"Ni wa machweo na mapambazuko, Mama. Ya pande zote za dunia kwa wakati mmoja."

"Na sisi tumekaa chini yake kwa viti vya plastiki," akasema, akajifunika shuka vizuri. Dakika kumi baadaye alikuwa amelala fofofo, na mpwa wangu akawa anamwamsha kila nyota mpya ilipojitokeza, mpaka akakatazwa. Bluu ni nane, pamoja na maelezo yanayolalamikia mbu. Nyekundu ni kumi, na mbu sikuwakumbuka hadi nilipoondoa ukanda.

Tulipomaliza kuandika alama zote jioni ile ya Desemba, dada yangu, aliyekuwa akisoma kwenye simu, alituambia kwamba siku hiyohiyo, tarehe 28 Desemba, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walifanya onyesho lao la kwanza la sinema kwa watu waliolipa kiingilio, mwaka 1895, katika chumba kilichokuwa chini ya mkahawa wa Grand Café jijini Paris. Miaka 130 kamili. Filamu zilikuwa kumi, kila moja haifiki dakika. Tuliisoma orodha kwa sauti, na sote wawili, mimi na mpwa wangu, tukatazamana: mojawapo ilikuwa ya wafanyakazi wakitoka kiwandani, nyingine ya watu wakiruka baharini, na nyingine ya mlo. Daftari langu lote lilikuwa limo katika programu ile.

Tuliutafuta ule mlo tukautazama kwenye simu ya dada, vichwa vinne vimegusana. Auguste na mkewe wamekaa mezani, mtoto wao mchanga katikati, baba anamlisha kwa kijiko. Hakuna kinachotokea zaidi ya hapo. Inasimuliwa kwamba baadhi ya watazamaji wa kwanza hawakushangazwa na mlo bali na majani ya miti yaliyo nyuma ya meza, ambayo yalikuwa yakitikiswa na upepo, jambo ambalo mandhari ya kuchorwa ya jukwaani hayakuwahi kulifanya. Nami nilikuwa nikiyatazama majani hayo, nikitaka kumwonyesha mpwa wangu, Mama aliponisukuma begani. Mtoto alikuwa amenyoosha mkono wenye biskuti kuelekea kwetu.

"Anampa nani hiyo biskuti?"

"Aliyeshika kamera ni Louis, Mama. Mdogo wake huyo baba."

"Basi anampa baba yake mdogo," akasema Mama, kama mtu aliyeulizwa njia akaielekeza. "Mbona hapokei?"

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kufungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho, kalamu mkononi. "Mjomba, niandike safu ya filamu au ya milo?" Nilimwambia aandike anapoona panafaa, naye akaandika juu ya mstari wenyewe wa penseli, nusu ya maneno huku na nusu kule. Kisha akauliza ni alama ngapi, lakini Mama alikuwa ameshaomba tuirudie, na dada akarudisha mwanzo.